Baiskeli ya gia moja na mlima wa Ipogolo: niweke meno mangapi nyuma?

Mnyalu wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu.

Naishi Ipogolo, kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Miyomboni. Anayeijua Iringa ameshanielewa: mji uko juu, sisi tuko chini huku kwenye Ruaha Mdogo, na katikati kuna ule mlima. Asubuhi napanda, jioni nashuka. Ingekuwa kinyume chake nisingefungua uzi.

Baiskeli ni Phoenix ya kiume, tairi 28, breki za vyuma. Nimeipindua nikahesabu meno: mbele 48, nyuma 18. Mwenyewe nina kilo 62. Siku tatu kwa wiki nabeba na gunia la mboga za mke wangu, kama kilo 15, nalishusha Soko Kuu kabla ya kufungua kibanda.

Shida yenyewe ni hii. Nikiwa mtupu napanda nimesimama juu ya pedali, nikifika kama nusu ya mlima inagoma. Sio pumzi, pumzi ninayo. Pedali ndiyo haishuki, nimesimama juu yake kama kuku kwenye tawi. Siku za mboga sijaribu hata, nasukuma tangu chini, na wanafunzi wananipita kwa miguu wakinipa shikamoo huku wanacheka.

Baiskeli ya magia sitaki. Nilikuwa nayo ya mtumba, kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kilipinda mara mbili, mara ya pili kikaingia kwenye spoku. Nataka gia moja, ila iwe sahihi.

Fundi wangu anasema weka 20. Jirani anasema 22. Kijana wa saluni anasema nichomelee friwili (ile gia ya nyuma inayoacha pedali zitulie ukishuka) iwe "fiksi" kama za Ulaya, eti hizo zinapanda zenyewe. Nani mkweli? Naomba kuwasilisha.

Mdigo Halisi

Mimi niko Tanga, natoka Chumbageni hadi Raskazone na 48 kwa 18 bila kuinua makalio kwenye siti. Hamieni pwani jamani, milima ni ya mbuzi.

kiti cha mbele

Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale na kahawa.

Spoku Thelathini na Mbili

Mkuu Mnyalu, mimi ni fundi, Mbeya, miaka mingi kwenye kazi hii. Kabla hujaulizia namba, jua kwanza nini kinabadilika kwa urahisi na nini hakibadiliki.

Mbele usiguse. Phoenix yako ina kranki (mikono ya pedali) za kotapini (pini za kugongwa), na lile duara la meno limeshikana na mkono wa kulia, ni kitu kimoja. Ukitaka 44 mbele unanunua mkono mzima, unang'oa kotapini (nazo zikikaa miaka hazitoki bila matusi), na ukikosea kuigonga unaharibu ekseli ya katikati. Nyuma ni friwili tu. Uzuri ni kwamba nyuzi za friwili kwenye habu yako (kitovu cha gurudumu) ni zilezile za BMX za watoto, kwa hiyo usitafute "friwili ya Phoenix", tafuta friwili ya gia moja yenye meno unayotaka, itaingia. 16 na 18 zimejaa madukani, 20 zipo, 22 utazunguka kidogo.

Kuitoa iliyopo: kila ukikanyaga pedali unaikaza, kwa hiyo imekaza kwa miaka yote uliyoendesha. Fundi awe na kile chombo chenye meno manne kinachoingia kwenye mapengo ya katikati. Akianza kugonga kifuniko cha nje kwa tindo, golori zitamwagika sakafuni na friwili yako ya zamani imeishia hapo.

Cheni: kila ukiongeza meno 4 nyuma, gurudumu linasogea mbele kama milimita 12 au 13. Angalia ule mpasuo wa fremu ambapo ekseli inakaa. Kama ekseli imerudi nyuma kabisa, una nafasi, hutaongeza pingili hata moja. Kama iko mbele tayari, itabidi uongeze. Gurudumu likisogea, raba za breki nazo zisogezwe, watu husahau hilo halafu wanalaumu friwili mpya.

Na usifunge friwili mpya kwenye cheni iliyochoka, itaruka meno siku ya kwanza ukisimama mlimani, na ikiruka umesimama unajua utatua wapi. Pima pini hadi pini: hatua 24 lazima ziwe inchi 12 kamili. Zikizidi kwa thumuni ya inchi, badilisha.

20 au 22? Kwa mlima ule mimi nasema 22. Sina hesabu, nina magoti ya wateja.

Chuma cha Pua

22 ni ya wazee na mapadri. Mimi niko Mwanza, Bugando napanda na 48/18 na sijawahi kushuka. Siri ni kuchukua kasi chini, unasimama, unaikandamiza. Vijana wa sasa mnapenda mteremko. Nina kilo 90 na baiskeli inanitii.

Madam Fizikia

Chuma cha Pua, asante kwa kutaja uzito wako, umenirahisishia kazi. Nafundisha fizikia sekondari na swali hili nimelipenda, vumilieni.

Acheni kwanza habari za "nyepesi" na "nzito". Tairi la 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2 na robo. 48 gawanya kwa 18 ni 2.67, kwa hiyo kila pedali ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda mita 6. Mguu wako nao umekwenda kiasi gani? Mkono wa kranki ni sentimita 17, mzunguko wake ni kama mita 1.07. Mguu umetembea mita 1.07, baiskeli mita 6. Umeongeza mwendo mara 5.6, na hakuna cha bure: nguvu nayo unailipa mara 5.6.

Sasa mlima. Tuchukue mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda 8. Mlima unakuvuta nyuma kwa asilimia 8 ya uzito wote, na kwa tairi hizi nene jumlisha asilimia 1 ya kujiburuza barabarani. Mnyalu akiwa mtupu: yeye 62, baiskeli tuseme 20, jumla 82. Asilimia 9 ya 82 ni kilo 7.4. Zidisha 5.6 unapata kilo 41 kwenye pedali.

Mtasema 41 ni ndogo kuliko 62, mbona inagoma? Kwa sababu 41 ni wastani wa mzunguko mzima, na pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa hata ukisimama juu yake haizungushi kitu. Kwa hiyo pale inapokuwa mbele, mlalo, lazima ulipe na deni la sehemu zile zilizokufa. Kwa makadirio ni mara 1.57 ya wastani. 41 mara 1.57 ni 65.

Mnyalu ana kilo 62. Pedali inataka 65. Amesimama juu yake kama kuku kwenye tawi, kama alivyosema mwenyewe. Kilo tatu zinazopungua anazipata kwa kuvuta usukani, na mikono inachoka akifika nusu ya mlima.

Chuma cha Pua: 90 na 20 ni 110. Fanya hesabu ileile, kilele cha nguvu unayohitaji kwenye pedali ni kama 87. Una 90. Unapita, kwa kilo tatu. Siyo ujasiri baba, ni ugali.

kiti cha mbele

Siyo ujasiri ni ugali 😂😂 Madam umeua.

Chuma cha Pua

Nimesoma mara mbili. Sijakubali lakini nimenyamaza.

Mnyalu wa Bondeni

Madam heshima yako. Kwa hiyo 20 au 22? Na mboga je?

Madam Fizikia

Fundi wako na jirani yako wote wakweli, wanajibu maswali mawili tofauti.

Ukiwa mtupu: 18 inataka 65. 20 inataka 59, unapita lakini kwa shida, hasa kukiwa na upepo ule wenu wa Juni. 22 inataka 53, hapo una akiba.

Ukiwa na gunia, jumla 97: 18 inataka 77, sahau. 20 inataka 69, sahau. 22 inataka 63. Umekosa kwa kilo moja. Ukipata 44 mbele na 22 nyuma inashuka hadi 58, lakini fundi ameshakueleza gharama ya kugusa mbele.

Kanuni yangu kwa mtu yeyote wa gia moja ni hiyo: chukua pale mlima ulipo mkali kuliko pote kwenye njia yako, na siku yenye mzigo mkubwa kuliko zote. Kilele kikizidi uzito wako, utasukuma. Barabara ya tambarare isikuchagulie gia, kule hata gia mbaya inakwenda.

Ila 8 nimeitaja mimi, sijapima barabara yenu. Kapime. Ubao wa mita moja na pimamaji: laza ubao ukielekea juu ya mlima, inua upande wa chini mpaka tone likae katikati, halafu pima pengo kutoka lami hadi ubao. Sentimita ni asilimia. Pima pembeni, siyo katikati ya barabara, malori hayajui fizikia.

Omoisiko

Niko Kisii, Kenya, hapa hakuna tambarare, ukiacha kupanda unashuka. Hizo baiskeli sisi huita Black Mamba, na hiyo cheni ni nyororo. Nimebeba ndizi za soko miaka kadhaa. Kusema kweli watu wa mizigo huku hawabishani kuhusu meno, ukiwa na mikungu minne nyuma hata meno 30 hayatakusaidia, unasukuma. Baiskeli inakuwa mkokoteni wa kupanda na gari la kushuka. Kile tunabishania ni breki.

Mkiwa kwa mvua na hizo rimu za chuma, breki hazishiki. Raba inateleza tu juu ya maji. Mimi niliwahi kushuka na mzigo, nikafinya nikitarajia kusimama, ikaendelea kama hakuna mtu. Niliingia kwa shamba la chai. Tangu hiyo siku, mvua ikinyesha nagusa breki kidogo kidogo kuanzia juu, hata kama sihitaji, ndio raba ipanguse rimu. Ukingoja mpaka uhitaji breki, umechelewa.

Mrundi wa Buyenzi

Huku Bujumbura wale wa ndizi wanashuka na mzigo kutoka Bugarama, na wakirudi juu wanashika lori nyuma. Gia ni lori 😀

Spoku Thelathini na Mbili

Mrundi, usiwape watu mawazo. Nimeona hiyo kwenye video, lori likikanyaga shimo mwenye baiskeli ndiye anayelijua la kwanza. Mnyalu, usijaribu, uwe na mboga au usiwe nazo.

Mtoto wa Kihesa yuko Sheffield

Kamwene Mnyalu. Mimi wa kwenu, Kihesa, sasa niko Sheffield, mji wa vilima hapa Uingereza, na kazini naenda kwa fiksi. Naomba nimjibu huyo kijana wa saluni kabla hajaua mtu.

Fiksi ni baiskeli isiyo na friwili. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, hutaki unataka. Kwenye kupanda kuna faida kidogo ya kweli: zile sehemu zilizokufa alizosema Madam, gurudumu lenyewe linausukuma mguu upite. Ndiyo maana wanasema "inapanda yenyewe". Ila nguvu haitoki popote isipokuwa kwako, na meno ni yaleyale, hesabu ni ileile.

Balaa ni jioni unapoteremka. Chukua 48/22 ya Madam, mita 4.9 kwa mzunguko. Ukishuka Ipogolo kwa kilomita 40 kwa saa, miguu inatakiwa izunguke mara 136 kwa dakika na huwezi kuisimamisha. Ukijaribu kupumzisha mguu, pedali inakurusha. Mimi hapa nina breki mbele na nyuma na bado nikishuka nabana tangu juu.

Na ile ya kuchomelea friwili ndiyo mbaya zaidi. Habu ya fiksi ya kweli ina nyuzi mbili: za kufunga gia, na za pili zinazokaza kinyume, unaweka pete ya kuizuia isifunguke. Habu ya Phoenix haina hiyo ya pili. Siku utakayozuia kwa miguu ukiwa kwenye mteremko, friwili iliyochomelewa inajifungua kama kifuniko cha chupa, cheni inalegea, na kama ulitoa breki kwa kuwa fiksi "haihitaji breki", basi tena.

Halafu jambo dogo kwa mnaotaka fiksi hasa: msifunge namba zinazogawanyika kamili kama 44/22. Pedali mbili zikirudi palepale, gurudumu nalo linakuwa palepale, kwa hiyo kila ukiburuza tairi linakwanguka sehemu ileile. Nilimaliza tairi kwa namna hiyo kabla sijaambiwa. Kwa friwili haijalishi.

Mwisho, kwa wanaosema gia moja na milima haviendani: Tour de France ilianza 1903 na wapanda baiskeli hawakuruhusiwa mitambo ya kuhamisha cheni mpaka 1937. Walipita Alpes na Pyrénées na gurudumu la nyuma lenye gia pande mbili, moja ya tambarare, moja ya mlima. Ukifika chini ya mlima unashuka, unafungua gurudumu, unaligeuza, unaendelea. Habu za namna hiyo bado zinauzwa. Mnyalu ukiipata, upande mmoja 18, mwingine 22, utageuza pale Ipogolo asubuhi.

Mnyalu wa Bondeni

Nigeuze gurudumu kila asubuhi nikiwa na shati la kazini? Na breki za vyuma nizipange upya kila siku? Kaka Sheffield wale walikuwa wanalipwa.

Bibi Mamachari

Kuna watu wataingia hapa wakimbilie mitumba ya Japani kwa sababu wameona mbele kuna meno 32, waseme "hii nyepesi". Msidanganyike, nyingi nyuma zina 14. 32 kwa 14 ni 2.29, na 48 kwa 21 ni hiyohiyo kamili. Tairi lake ni dogo, 26 au 27, hapo ndipo unafuu kidogo unapotoka. Mimi ninayo, nina kilo 70, naendea sokoni Arusha. Zile zenye gia tatu ndani ya habu ndizo za kutafuta, ya kwanza inapunguza hadi kama robo tatu, na hakuna kidude cha nje cha kupinda. Ila zikiharibika ndani, fundi wengi wanakutazama tu.

Madam Fizikia

Bibi Mamachari ameongea. Meno ya mbele peke yake hayasemi kitu, wala ya nyuma peke yake. Wanafunzi wangu wangekuwa wanasoma uzi huu badala ya ule wa mpira.

Mdigo Halisi

Wiki tatu kimya. Mnyalu uko hai? Mrejesho.

Mnyalu wa Bondeni

Niko hai. Mrejesho huu hapa.

Nilipima kwanza, nimeazima pimamaji kwa mjomba anayejenga. Watu walidhani TANROADS wanaongeza barabara, mama mmoja akaniuliza kama nyumba yake inavunjwa. Nilipata 7 sehemu moja, 8 nyingine, na pale panaponishinda kila siku 9. Kwa hiyo Madam ulikuwa karibu, ila pale kwenyewe ni pabaya kuliko ulivyosema.

Friwili ya 22 niliisaka siku nne, nikaipata kwa mzee mmoja mwenye vipuri vya zamani, imefungwa gazeti. Cheni yangu ilikuwa imezidi thumuni na zaidi, nikabadilisha vyote pamoja. Ekseli ilikuwa nyuma kabisa, ikasogea, hakuna pingili iliyoongezwa, sawasawa na alivyosema Spoku. Fundi akasahau raba za breki, sawasawa na alivyosema Spoku. Nikamrudisha.

Mtupu napanda. Sio kwa kuimba, pale kwenye 9 nasimama na kuvuta usukani, lakini pedali inashuka. Siku ya kwanza nilifika juu nikasimama nikiangalia nyuma kama mtu aliyeona mzimu. Huko juu mjini kwenye tambarare ndiyo nalipa: miguu inazunguka kama cherehani na wenye 18 wananipita. Nimewahesabia mara moja, nikizungusha mara 70 kwa dakika napata kama kilomita 20 kwa saa. Toka mwanzo wa mjini hadi Miyomboni inanichelewesha muda wa kumsalimia mtu mmoja.

Na mboga: siku ya kwanza nilijaribu na gunia zima, niliishia kwenye 9 kama hesabu ilivyosema. Nikamwambia mke wangu tupunguze gunia libaki kilo 8. Akaniuliza hizo kilo 7 nyingine zitakwenda sokoni na nani. Sikuwa na jibu la fizikia. Kwa hiyo sasa napanda na gunia zima hadi chini ya pale pabaya, nashuka, nasukuma nguzo mbili za umeme, napanda tena. Zamani nilisukuma mlima mzima.

Kijana wa saluni nimemsomea ile ya kifuniko cha chupa. Ameahirisha.

Omoisiko

Nguzo mbili sio kitu. Na kushuka kwa mvua?

Mnyalu wa Bondeni

Nagusa kuanzia juu, kidogo kidogo. Jumanne ilinyesha, nilifika chini mikono inauma kuliko miguu, lakini nilifika kwa barabara, sio kwa shamba.

Chuma cha Pua

Sasa mimi nikiweka 20 inakuwaje Madam? Nauliza tu, sio kwamba nataka.

Madam Fizikia

Kama 78, na una 90. Weka, hatutamwambia mtu.

Mdigo Halisi

Mnyalu, hiyo 18 iliyotoka usitupe. Mpe kondakta wa basi la Tanga, nitaipokea stendi. Yangu imeanza kupiga kelele.

Mnyalu wa Bondeni

Iko hapa kwenye gazeti lilelile la mzee. Nitumie namba inbox.